Nafasi Moja Ubavuni kwa Bi Nyamizi

Sogeeni karibu. Hadithi ninayowapa leo haina sungura wala fisi, na mkiisha kuisikia mtaondoka na kazi ya kufanya. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele sijui kama atapata nafasi. Na msiitazame mikono yangu hivyo. Ndiyo, kazi yangu ni kuosha maiti wa kike hapa mjini kwetu Tabora, lakini nimenawa.

Palikuwa na mwanamke, shoga yangu wa miaka mingi, jina lake Bi Nyamizi. Alizaa watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Wa kwanza, Mwamvita, alijaliwa mkono. Mgonjwa aliyekataa chakula cha kila mtu alikula cha Mwamvita. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa na bakuli lake, akangoja, mwisho kijiko kikaingia. Aliwahi kuolewa, mume akafa mapema, mtoto hawakujaliwa, akarudi kwa mama yake na hakutoka tena.

Wa pili, Mrisho, alijaliwa jicho. Tangu ujana wake alifanya kazi machinjioni, na ng'ombe akishushwa kwenye lori yeye humtazama mara moja tu akakuambia huyu anaumwa mguu, huyu tumbo, huyu ana ndama ndani mrudisheni. Hakukosea. Watu walikuwa wakimwogopa kidogo kwa ajili ya kazi yake. Mimi sikumwogopa, kwa sababu wanaomwogopa yeye ndio hao hao wanaoniogopa mimi.

Wa tatu, kitinda mimba, ni Sikudhani, naye alijaliwa mapaja. Mnacheka? Haya, chekeni. Mtoto wa mtu yeyote akilia mpaka sauti inakauka, ukimweka mapajani mwa Sikudhani ananyamaza. Sijui alikuwa na nini. Aliolewa Mpanda, akaenda na mapaja yake, sisi tukabaki na vilio vyetu.

Na palikuwa na paka. Alikuja siku moja ya mvua, bado mdogo, akakatiza uani, akapita jikoni ambako samaki walikuwa wazi bila hata kugeuza shingo, akaingia moja kwa moja chumbani kwa Bi Nyamizi na kupanda kitandani. Halafu akatutazama kana kwamba tumechelewa kumletea ufunguo. Bi Nyamizi akasema, "Huyu ni mpangaji," na jina likabaki hilo. Alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Aliishi katika chumba kile miaka kumi na minane, na kwa paka hiyo ni miaka ya kizee kabisa.

Bi Nyamizi alipoanza kuugua ugonjwa wake wa mwisho, Mpangaji alihamia miguuni kwake akawa hatoki ila kwa haja. Asubuhi moja tulikuwa wanne mle chumbani, mgonjwa, Mwamvita, Mrisho na mimi. Akataka tumwinue akae. Tulipomweka sawa akaanza kuzungumza habari ya makaburi.

Makaburi ya ukoo wao mnayajua, yale yaliyozungushiwa minyaa upande wa stesheni. Yamejaa. Wakati ule zilikuwa zimebaki nafasi mbili tu, moja kando ya marehemu mumewe, ambayo ni yake, na moja kando ya hiyo, kisha minyaa, kisha barabara. Atakayekosa hapo atazikwa kwenye makaburi mapya ng'ambo ya reli, ambako watu hulazwa kwa kufuata tarehe waliyokufa, huyu kando ya yule, hata kama hawajawahi kusalimiana.

"Nafasi ya ubavuni kwangu msije mkaigombania," akasema Bi Nyamizi. "Huyu paka atanifuata karibuni, namjua. Nataka mambo matatu. Asife na njaa. Asife na mateso. Asife peke yake. Atakayenitimizia hayo, ndiye nitakayelala naye."

Mrisho akacheka. "Mama, unatushindanisha kwa paka?"

"Mimi mnanipenda kwa sababu naona," akamjibu. "Nataka kujua mtafanya nini mbele ya kiumbe asiyeweza kuwasifu kwa majirani."

Akanigeukia mimi. "Mama Kidawa, wewe ni shahidi." Ndivyo mzigo huu ulivyoniangukia, nami sikuuomba.

Alidhani mtu mmoja angeweza yote matatu. Alikuwa mwanamke mwenye akili, lakini katika hilo alijidanganya.

Sasa nieleze jambo ambalo linanichoma mpaka leo. Sikudhani hakuwepo. Kila asubuhi Bi Nyamizi aliuliza, "Sikudhani hajafika?" Na kila jioni Sikudhani alipiga simu kutoka Mpanda, na kila jioni nilimsikia Mwamvita akimwambia, "Mama ana nafuu, mdogo wangu. Wewe usihangaike na watoto." Sisi ndivyo tulivyo. Habari mbaya hatuisemi kwenye simu. Mtu amekata roho tunasema hajisikii vizuri, ili mwenzio asije akaanguka peke yake huko aliko. Nilikaa pale nikasikia, na sikumnyang'anya simu.

Bi Nyamizi alimngoja mwanawe siku tisa. Siku ya tisa, adhuhuri, akachoka kungoja. Sikudhani alifika tumeshazika. Alikwenda makaburini na begi lake begani, akachuchumaa pale, akaweka kiganja juu ya udongo mbichi. Hakumlaumu dada yake hata kwa neno moja. Aliniuliza mimi tu, "Mama aliniulizia?" Nikamwambia kweli. Nikamwambia kila siku. Nadhani ningempiga kofi asingeumia vile.

Haikupita miezi mitatu, Mpangaji akavimba taya.

Mwanzoni tulidhani amepigwa. Mwamvita akamfungua kinywa akaona nyama imeota chini ya ulimi, nyekundu, kubwa kama punje ya hindi. Paka akawa anashindwa kutafuna. Hapo ndipo mkono wa Mwamvita ulipoingia kazini. Alichukua dagaa, akawatoa vichwa, akawatwanga kwenye kinu kidogo mpaka wakawa unga, akachemsha, akachuja kwa kitambaa mara mbili, kisha akamnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, tone kwa tone, pembeni mwa mdomo. Mlo mmoja ulikwenda saa nzima, na alimpa mara nne kwa siku. Alikuwa akimfuta kidevu kwa maji ya vuguvugu na kumwambia, "Bado kidogo baba, bado kidogo." Miezi minne alifanya hivyo. Hakuhudhuria harusi, hakwenda arobaini ya mtu, akakonda yeye kabla ya paka. Bila Mwamvita, Mpangaji angekufa kwa njaa katika wiki mbili za mwanzo, na hilo hakuna anayelibisha, hata Mrisho.

Lakini punje ya hindi ikawa komamanga. Taya likageuka upande, jicho moja likasukumwa juu, mate yenye damu yakawa yanamchuruzika. Akaacha kujilamba, na nyie mnajua paka alivyo na usafi wake. Manyoya yakashikana mafundo. Akaacha kitanda cha Bi Nyamizi, akawa anajibanza nyuma ya mtungi wa maji, uso umeuelekea ukuta.

Mrisho alikuwa akija kila Ijumaa. Ijumaa moja akachuchumaa kando ya mtungi, akamtazama Mpangaji kwa muda, akainuka bila kusema kitu. Siku ya pili yake akaja na bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa mtu wa upole. Alimpapasa paka kwa vidole viwili tu, akanawa, akasema, "Huu uvimbe umeshaingia kwenye mfupa. Dawa ya kuuondoa sina. Mnaweza kungoja. Zitakuwa wiki mbili, au mwezi, na kila siku itakuwa mbaya kuliko ya jana. Au naweza kumchoma sindano alale, asiamke."

"Unataka kumuua," akasema Mwamvita.

"Sijataka kitu, mama. Nauliza mnataka nini nyinyi."

Akafunga mkoba wake, akasema wakiamua wamwite.

Alipotoka ndipo yakaanza.

"Anakula," Mwamvita akasema. "Anayekula hajataka kufa."

"Anakula kwa sababu unamlisha, dada. Hebu mtazame macho."

"Macho unayoyajua wewe ni ya ng'ombe."

"Ndiyo. Na ng'ombe akiwa na macho kama hayo, sisi hatumngojei kesho."

"Mama aliumwa miezi mitano, mbona yeye hatukumchoma sindano?"

Mrisho akasema, "Mama alikuwa na kinywa cha kusema. Alituambia panapouma, alituambia analotaka, akikasirika alitufukuza. Huyu ana sisi tu, dada. Na sisi tunamwambia bado kidogo."

Mwamvita akabeba bakuli lake akaenda jikoni. Nilimsikia akipenga kamasi.

Walikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Akawaambia, "Mnyama asiteswe, hilo nalijua. Lililobaki mtalijibu wenyewe mbele ya Mwenyezi Mungu." Wakarudi nalo vile vile. Wakaja kwangu. Nami, niliyeshika vichwa vya wafu sijui mia ngapi, nikaogopa kichwa cha paka. Nikawaambia, "Mtajua wenyewe." Nisingejisemea hili kama lisingekuwa kweli.

Wiki moja na nusu ikapita hivyo. Jumanne moja, Mwamvita alimtoa Mpangaji nyuma ya mtungi ampe chakula cha asubuhi. Bomba lilipogusa mdomo, paka akalia. Mimi nilikuwa nyumba ya tatu naanua nguo, nikasikia. Si mlio wa paka ule. Mchuzi ukarudi na damu. Mwamvita akamfuta, akangoja, mchana akajaribu tena, na paka akalia tena vile vile. Safari hii Mrisho alikuwa amefika, amesimama mlangoni, na aliona jinsi dada yake alivyokuwa akimkaba mnyama kwa mkono mmoja huku machozi yanamtoka, anamwambia fungua baba, fungua.

Mrisho akatoka nje akapiga simu mbili. Ya kwanza kwa bwana mifugo. Ya pili kwenda Mpanda. Akasema hivi, nilimsikia kwa masikio yangu, "Sikudhani, paka wa mama anakufa keshokutwa asubuhi. Sikwambii anaumwa. Nakwambia anakufa. Ukitaka kumuona panda treni leo."

Alhamisi asubuhi Sikudhani akateremka stesheni. Uso ulikuwa umemvimba. Nilidhani amelia njia nzima.

Mwamvita alimsalimu mdogo wake, akamwandalia chai, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango. Bwana mifugo alipoingia uani, tukasikia kinu. Alikuwa anatwanga dagaa. Alikuwa anamtengenezea Mpangaji chakula cha mchana.

Bwana mifugo akaweka mkoba chini. "Mwenye paka ni nani?" akauliza. "Lazima mtu aniambie nifanye. Mimi sichomi bila ruhusa ya mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amelala kule kwenye minyaa. Tukatazamana. Kinu kikawa kinakwenda tu. Mimi nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu kwenye kanga yangu.

"Mimi," akasema Mrisho.

"Nimchome?"

"Mchome. Na kama ni dhambi, iwe yangu. Dada yangu hayumo, mdogo wangu hayumo. Mimi peke yangu ndiye niliyesema."

Toa neno hilo la Mrisho, na Mpangaji angekufa huku analia, labda kwa wiki tatu nyingine, bomba mdomoni. Hilo nalo halina ubishi. Lakini yule mwanamume aliyekuwa akiangusha ng'ombe ishirini kwa siku, bwana mifugo alipovuta dawa ndani ya sindano, aligeukia mlango. Akatoka. Akaacha ndara zake mlangoni, akatembea peku juu ya kokoto mpaka relini, na hakurudi mpaka yalipokwisha.

Basi mmoja yuko jikoni, mmoja yuko relini. Paka amelala juu ya mkeka, jicho lake zima linazunguka, linatafuta mtu. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti na sikuingia. Mniwie radhi.

Sikudhani ndiye aliyekaa chini. Alinyoosha miguu, akamchukua Mpangaji na mafundo yake na harufu yake, maana alikuwa ananuka, tusifichane, akamweka mapajani, upande mzima chini, upande wa uvimbe juu. Akamwekea kiganja kati ya masikio. Akamsemesha kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mgeni wake.

"Wewe ulikaa na mama mpaka mwisho. Mimi sikukaa naye. Nipe nafasi nikae na wewe."

Na wallahi, mnyama yule ambaye miezi miwili hakuwa ametoa sauti yoyote ya raha, akaanza kunguruma kifuani, taratibu, kama walivyo paka wakishiba. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Akaendelea kunguruma. Sindano ya pili, kiganja cha Sikudhani hakikutoka pale kilipokuwa. Sauti ikapungua, ikapungua, mpaka sikujua ni wakati gani hasa ilipokoma. Bwana mifugo akamsikiliza kifua, akatikisa kichwa. Jikoni kinu kikanyamaza, ingawa hakuna aliyekwenda kumwambia Mwamvita kitu.

Toa mapaja ya Sikudhani, Mpangaji angekufa juu ya mkeka, mbele ya mtu asiyemjua na mwoga mmoja kizingitini. Angekufa peke yake.

Walimzika uani, wote watatu. Mwamvita alimfunga kwenye kipande cha kanga ya mama yao. Wakanawa, wakakaa, na kwa muda mrefu hakuna aliyenyanyua kikombe. Kisha nikaona wote watatu wananitazama, na nikajua wanataka nini.

"Ngojeni," nikasema. "Mna haraka gani? Hakuna anayekufa kesho."

Laiti ningekaa kimya. Ule uvimbe wa uso wa Sikudhani haukuwa wa kulia. Zilikuwa figo. Miezi saba baadaye mumewe alimleta kwa treni hiyo hiyo, miguu imejaa maji, hospitali zimeshasema lao. Mwamvita akampokea, akampa kitanda cha mama yao, akaanza upya. Uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, bado kidogo mdogo wangu, bado kidogo. Wiki sita. Nilikuwepo siku Sikudhani aliposhindwa kumeza, na nilimwona Mwamvita akiweka kijiko chini mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mgonjwa alikata roho asubuhi, dada yake amemshika.

Nikaitwa mimi. Maji yakatiwa vuguvugu, pazia likafungwa, nikakunja mikono ya gauni. Nimeanza kumwosha upande wa kulia, Mrisho akabisha hodi, akaongea akiwa nje ya mlango.

"Mama Kidawa, wachimbaji wamefika makaburini. Wanauliza wachimbe wapi. Ubavuni kwa mama, au ng'ambo ya reli. Wanataka wamalize kabla ya adhuhuri."

Mwamvita alikuwa ndani, ananimiminia maji. Mkono wake ukasimama.

"Si hapo," akasema.

"Dada."

"Si hapo, Mrisho. Hapo ni pangu. Alikuja kwa saa moja tu. Saa moja! Miezi minne ilikuwa ya nani? Na kabla ya hapo mama alimngoja siku tisa, hakuja."

"Hakuja kwa sababu nani alimwambia mama ana nafuu?"

Nilidhani Mwamvita atapiga kelele. Hakupiga. Aliweka kata chini, akakaa kwenye kigoda, mikono yake ile magotini. "Mimi," akasema. "Nilidhani nikisema ana nafuu, atapata nafuu. Najua nilichomnyima. Lakini niambie, Mrisho, wewe una mke na wanao watakaokufuata popote utakapolala. Huyu ana mume na watoto. Mimi nina nani? Nimelala chumba kimoja na mama miaka thelathini. Mnataka kunipeleka ng'ambo ya reli nikalale na nani?"

Nikafikiri Mrisho ameondoka. Kumbe alikuwa ameegemea mlango.

"Mimi sikutaka kusema," akasema. "Lakini nyote wawili mlimpa mnyama yule kitu kizuri. Chakula. Mapaja. Mimi nilimpa kifo, na ndicho mama alichoagiza, asiteseke. Tangu siku ile sijawa sawa. Nikishika kisu kazini namkumbuka yeye. Wapo mtaani wanaoniita muuaji wa paka wa mamake. Nilitaka siku yangu ikifika nilazwe pale, ili kama nitaulizwa, mama awe karibu aseme kwamba ni yeye aliyenituma."

Halafu akasema tena, polepole zaidi, "Ila mimi niko hai. Yeye yuko mbele yenu. Mtaamua."

Mwamvita akaufunika uso wake.

Sasa msiwaone wabaya. Nimeosha watu wa familia nyingi, nimesikia watu wakigombania nyumba na mashamba maiti akiwa hajakauka maji. Hawa hawakugombania mali. Kila mmoja alikuwa anataka kulala na mama yake. Na kila mmoja alitimiza moja kati ya mambo matatu, na kila mmoja alishindwa mawili. Aliyelisha hakuweza kuachia. Aliyeachia hakuweza kukaa. Aliyekaa hakuwepo kabla.

Na wa tatu wao alikuwa amelala mbele yangu, nywele zimelowa, hana la kujitetea. Hakuwahi kuniambia anataka kuzikwa wapi. Nilimuuliza mara moja, akiwa bado na nguvu, akanijibu, "Usiwaulize kwa ajili yangu, mama. Watagombana." Hilo tu.

Wote wawili walikuwa wakiningoja mimi, shahidi wa Bi Nyamizi. Safari hii hapakuwa na kizingiti cha kusimama wala kanga ya kuinamia. Nikamalizia upande wa kulia, nikamgeuza, nikamwosha upande wa kushoto. Nikamfunga sanda. Kisha nikafungua mlango kidogo nikamwambia Mrisho neno moja, naye akaenda kuwaambia wachimbaji.

Neno lile sitawaambia. Mtakaopita karibu na minyaa mkahesabu makaburi mtajua nilisema nini, lakini hamtajua kama nilisema sawa, na mimi mwenyewe sijui. Yule aliyepewa hakunishukuru. Kati ya waliokosa, ama mmoja hana tena kinywa cha kulalamika, ama mmoja hanisalimu tena njiani. Chagueni wenyewe ni lipi.

Basi mimi nimeshaosha, nimeshasema, nimechoka. Zamu yenu. Fanya ni wewe uliyesimama pale, mikono imelowa, mama wa watu amekuachia neno lake, nafasi ni moja na jua linapanda. Je, ungewaambia wachimbe wapi?